Kabini ya Makambako: Kukarabati au Kubadilisha?

Mwaka jana, mwezi wa Juni, nilipata ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni mtumishi wa halmashauri mojawapo ya Nyanda za Juu Kusini. Baba yake mdogo, dereva mstaafu wa masafa marefu, ana lori aina ya Fiat 682 N3 lililosimama uani kwake Makambako kwa miaka mingi. Injini ilishafunguliwa na kufungwa upya, na inawaka. Chasisi ni nzima. Kabini ndiyo iliyoliwa na kutu. Ukoo ulikuwa umechanga fedha ili lori lisimame tena, lakini uligawanyika. Wapo waliotaka kabini ile ile ikarabatiwe. Wapo waliotaka ing'olewe, iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mahali pake ifungwe kabini nyingine iliyopatikana Mbeya. "Mwalimu," aliandika, "wewe ni mtu wa historia. Tuamulie."

Nilijibu siku ile ile, kwa wepesi wa mtu asiyetoa fedha wala jasho: karabatini, msibadilishe. Wiki tatu baadaye nilisimama mwenyewe mbele ya lori hilo, na jibu langu likaanza kuporomoka kama bati la mlango wake. Makala haya yanaeleza jinsi nilivyobadili mawazo, na kwa nini naamini swali la ukoo ule linamhusu kila anayejiuliza taifa lake linapaswa kutunza nini na kuacha nini.

Kwanza tujue tunazungumzia lori gani. Fiat 682 ilianza kutengenezwa Italia mwaka 1952, na kwa ajili ya masoko ya Afrika iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1988. Waitalia wenyewe walilibandika jina la Mfalme wa Afrika. Injini yake ya silinda sita haikuwa mbele ya dereva. Ilikaa ndani ya kabini, kati ya dereva na utingo wake, imefunikwa kwa kifuniko cha bati. Malori mazito ya Kiitalia ya zama hizo yalikuwa na usukani upande wa kulia hata huko kwao, kwa hiyo lilipofika kwetu lilikuta barabara inayolifaa.

Hata hivyo, kilicholipa lori hili nafasi katika historia yetu hakikuwa biashara peke yake. Ilikuwa siasa. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru ili kuzuia utawala wa walio wengi. Zambia, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru wake tarehe 24 Oktoba 1964, ilikuwa ikitegemea njia za kusini kwa mafuta yake na kwa kusafirisha shaba yake. Uingereza ilipoiwekea Rhodesia vikwazo vya mafuta mwezi Desemba 1965, Smith naye akaifungia Zambia. Kwa miezi kadhaa ndege za Uingereza, Canada na Marekani zilipeleka mafuta Zambia yakiwa kwenye mapipa. Lakini nchi haiwezi kuishi kwa mapipa ya angani. Njia iliyobaki ilikuwa ya ardhini, kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Ukanda wa Shaba, mwendo wa karibu kilomita 2,000, na sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa ya vumbi.

Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, zikishirikiana na kampuni ya Kiitalia, ziliunda kampuni ya usafirishaji ya Zambia-Tanzania Road Services, na malori ya Fiat yakaingia kazini. Yalikwenda na mafuta na bidhaa, yakarudi na shaba. Wanahabari wa Kiingereza waliiita barabara ile Njia ya Jehanamu, na hawakutia chumvi. Masika yalipoanza, udongo uligeuka utelezi na malori yalikwama kwa siku nyingi. Kwenye mlima Kitonga, kabla ya kufika Iringa, kosa moja la gia lilitosha kulipeleka lori bondeni. Waliokuwa wakilipa gharama ya msimamo wetu dhidi ya ubaguzi, usiku na mchana, walikuwa madereva na utingo wao.

Baadaye mambo yakaboreka. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilianza kusukuma mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara ikapata lami. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi kwa nchi hizi mbili tarehe 14 Julai 1976. Makambako penyewe ni mahali reli hiyo na barabara kuu zinapokutana. Mzee wetu hakuchagua kustaafia hapo kwa bahati tu.

Sasa tazama jinsi kumbukumbu ilivyogawanywa. Reli ina sherehe zake na vitabu vyake. Wataalamu wa Kichina waliokufa kazini wana makaburi yao Gongo la Mboto, nayo hutembelewa na viongozi na kuwekewa mashada ya maua. Katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam utaliona gari la Rolls-Royce lililowabeba magavana wa kikoloni na baadaye Mwalimu Nyerere. Sina ugomvi na gari hilo. Ni vyema limetunzwa. Ila katika miaka yangu yote ya kufundisha historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, sijawahi kuwapeleka wanafunzi mahali nikawaonyesha lori na kuwaambia: humu ndimo vita vile vilimopiganiwa na watu wasiokuwa na cheo. Ndiyo maana nilijibu haraka. Niliona nafasi ya kuokoa ushahidi, na kwangu ushahidi ulikuwa kabini.

Kwa nini kabini na siyo injini? Kwa sababu injini na chasisi zinaeleza habari za kiwanda cha Italia. Kabini inaeleza habari za waliokaa ndani yake. Mlango wa kushoto wa lori lile, fundi alipoupitishia msasa taratibu, ulitoa rangi moja chini ya nyingine, na kila rangi ilikuwa na maandishi yake: jina la mmiliki, sanduku la posta, uzito wa gari. Tulihesabu wamiliki watatu. Nyuma ya kiti cha utingo palikuwa na ndoano ya kutundikia chupa ya chai, imechomelewa kwa mkono usio wa kiwandani. Na chini ya miguu ya utingo, sakafu ilikuwa na kiraka cha zamani kilichopigiliwa ribiti. Fundi alikikwangua, akacheka, akaniita. Kilikuwa kimekatwa kwenye mfuniko wa pipa la mafuta. Mzigo ule ule ulioifanya barabara ile iwe vita ulikuwa umegeuka kuwa sakafu ya gari.

Nilitaka kuishia hapo na kutoa hukumu. Fundi hakuniruhusu. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mchomeleaji na mnyoosha bodi, na alinipa somo ambalo nalirudia hapa kwa faida ya wasomi wenzangu tunaopenda vitu vya kale bila kuvigusa.

Kutu, alisema, siyo kitu kimoja. Ipo inayokaa juu ya bati kama vumbi jekundu. Hiyo unaitoa kwa brashi ya waya na msasa, unapaka rangi ya kuzuia kutu, basi. Ipo iliyokwisha kuchimba mashimo madogo madogo. Hapo bati limepungua unene, lakini bado lina uhai. Na ipo iliyokula ndani ya mikunjo, pale bati mbili zinapoungana na maji yanapojificha. Chuma kikigeuka kutu huvimba na kuchukua nafasi kubwa kuliko awali, kwa hiyo kutu ya namna hiyo hupanua maungio kwa nguvu kutoka ndani, wakati nje rangi bado inang'aa. Akachukua bisibisi, akagonga kwa mpini kuzunguka kabini nzima huku akisikiliza. Paa likalia kama bati. Milango ikalia kama bati. Pembe za chini na miguu ya nguzo za mlango zikatoa sauti ya kadibodi. Alipogeuza bisibisi na kusukuma kwa ncha, ikapenya sakafuni chini ya kiti cha dereva bila shida.

"Daktari," akaniambia, "kiti kimefungwa hapa. Usukani na breki vimeshikwa na bati hili. Kabini yenyewe inakaa juu ya chasisi kwa pembe hizi nne. Ukisema tutunze kila kitu, unasema dereva akalie uyoga."

Hoja yake ya kubadilisha ilikuwa na mantiki, na ni haki niitaje kwa ukamilifu. Kabini ya Mbeya ina sakafu nzima. Kazi ingechukua siku chache badala ya miezi. Zaidi ya hayo, alisema, malori haya hayakuwahi kuwa ya asili hata siku moja: lililopinduka lilitoa mlango, lililoungua lilitoa gia, na lililokufa injini liliwapa wenzake kioo. Hapakuwa na dereva aliyelala njaa porini akitafakari kama spea aliyoifunga inaheshimu historia. Kama kubadilisha ndiyo tabia ya lori lenyewe, kwa nini leo sisi tulizuie lisifanye lililolifanya maisha yake yote? Nilikosa jibu la haraka.

Ndipo Mzee mwenyewe akazungumza. Tangu tulipoamkiana alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, na koti lake la baridi, akisikiliza watu wa vizazi viwili wakigombania gari lake. "Mwanangu," akaniuliza, "wewe umewahi kulala humo?" Nikasema hapana. "Mimi nimelala humo. Injini ipo hapa kwenye nyonga. Ukishuka Dar es Salaam ni jiko, ukipanda Makambako miguu inaganda na ubavu unaungua. Mgongo huu hauniruhusu kuinama msikitini. Mnataka kuitunza kabini kwa sababu hamkukaa ndani yake. Mimi kama ni kuamua, ingekwenda kwenye skrepa tangu zamani."

Msomaji wangu, nimesoma vitabu vingi kuhusu kumbukumbu na haki ya wafanyakazi. Sikuwa nimejiandaa kwa mfanyakazi anayesema kumbukumbu yake iyeyushwe. Tunaposema tunatunza historia ya wanyonge, mara ngapi tumewauliza kama wanataka kitunzwe kile tunachokipenda sisi?

Usiku ule, kwenye nyumba ya wageni, nilirudia misingi ya taaluma ya uhifadhi. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaoongoza uhifadhi wa majengo ya kale, haukatazi kuweka kipya mahali pa kilichopotea. Unataka kipya kipatane na kizima kilichobaki, lakini kitambulike kuwa ni kipya, ili ukarabati usiwe ushahidi wa uongo. Hapa kwetu tuna mfano ulio hai. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyaimarisha. Kazi hiyo ilikuwa ya kuongeza chokaa na mawe mapya pale ukuta ulipokuwa ukielekea kuanguka. Hakuna anayesema Kilwa imeghushiwa kwa sababu hiyo. Ingeghushiwa kama kuta zingebomolewa na kujengwa nyingine zinazofanana nazo, au kama nyufa zingezibwa juu juu ili wageni wasizione. Kwa lugha ya gereji, huko ndiko kujaza puti juu ya kutu na kupaka rangi: kabini inang'aa leo, na inaanguka mwakani.

Nikatambua kwamba swali la "kukarabati au kubadilisha" lilikuwa limeulizwa kwa jumla mno, kana kwamba kabini ni kitu kimoja. Kipo chuma kinachobeba: sakafu, pembe za chini, miguu ya nguzo. Kazi yake ni usalama, na kikiishiwa nguvu hakina haki ya kubaki kwa sababu ya umri. Na kipo chuma kinachosema: milango, dashibodi, ndoano ya chai, kile kiraka cha pipa. Hicho hakibebi uzito wa mtu. Kinabeba habari, na ukikitoa hakuna fundi duniani anayeweza kukitengeneza upya.

Sheria yetu nayo inafundisha jambo hapa, pengine bila kukusudia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1940. Mtunga sheria alielewa kwamba mlango wa Kilwa au wa Bagamoyo unaweza kusema habari za nyumba nzima hata nyumba ikiisha. Ni busara kubwa. Lakini mlango wa lori, ulioandikwa majina ya wamiliki watatu mmoja juu ya mwingine, uko nje ya macho ya sheria hiyo. Ni wa bati, ni wa juzi, na waliokuwa nyuma yake hawakuwa matajiri.

Dola yenyewe hufanya maamuzi ya aina hii kila siku, na kwa fedha nyingi. Reli ya kati, iliyojengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1905 na 1914, imepata jirani mpya: reli ya kisasa ambayo mwaka 2024 ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Huko tumechagua kujenga upya. Mwaka huo huo, mwezi Septemba, ilitiwa saini mjini Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Huko tumechagua kukarabati. Maamuzi yote mawili yanaweza kuwa sahihi. Ninachouliza mimi ni jambo dogo zaidi: wakati cha zamani kinapong'olewa, nani anaandika kilichokuwepo? Chuma kikiondoka bila daftari, tumepoteza mara mbili, na hasara ya pili haionekani kwenye hesabu za mkaguzi.

Asubuhi nilirudi kwa Mzee na kufuta ushauri wangu wa kwanza. Nilipendekeza hivi: sakafu yote, pembe nne na miguu ya nguzo vikatwe na kuwekwa chuma kipya, bila kuficha maungio kwa puti. Milango, paa na dashibodi vibaki, visafishwe kutu, vizuiwe isiendelee, na mlango wa kushoto uachwe kama ulivyo, na majina yake yote. Kiraka cha pipa kitolewe kwa uangalifu na kufungwa ukutani ndani ya kabini. Kabini ya Mbeya isiguswe. Nayo ina watu wake. Na kila kinachokatwa kipigwe picha na kuandikwa katika daftari.

Fundi alikubali, ila akataka miezi minne. Ukoo ulinung'unika kuhusu gharama, kisha ukakubali. Mzee alikaa kimya kwa muda mrefu.

"Hilo daftari," akasema hatimaye, "litaandikwa na majina?"

Nikasema ndiyo, la kwake litakuwa la kwanza.

"Langu siyo muhimu, mimi nipo. Kabini ina viti viwili. Andika la utingo wangu." Akanitajia jina, kijiji, na mwaka. Kijana yule alikufa Kitonga, akiwa ameshuka kuweka gogo nyuma ya tairi. Ni yeye aliyekikata kile kiraka cha pipa, maana sakafu iliyotoboka ilikuwa upande wake na vumbi lilikuwa likimwingia machoni. "Kama ni kwa ajili yake," Mzee akasema, "itunzeni."

Jina hilo limeandikwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Hapa siliweki, kwa kuwa jamaa zake bado wanatafutwa ili waulizwe. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa fikra zangu za mwanzo, za kutunza kila kitu bila kugusa, nisingelipata kamwe, maana nilikuwa nimekwisha kuamua kabla ya kumsikiliza mtu. Na kwa fikra za kubadilisha kila kitu, kiraka kile kingeuzwa kwa kilo.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, hasa mnaokaa katika kamati za kuondosha mali chakavu na kupanga minada. Kabla ya kutia saini, mfungulieni dereva wa zamani mlango, muulizeni ni nini humo ndani kinachosema. Pigeni picha mlango. Andikeni majina, ya viti vyote viwili. Kisha kateni chuma kilichooza bila huruma, au muuzeni gari lote kama halina la kusema. Wanaharakati na wanafunzi wangu, kazi yenu ni kuwahi kufika kabla ya mnunuzi wa vyuma chakavu, mkiwa na daftari na adabu ya kuuliza.

Lori la Makambako linatembea sasa, polepole, kutoka uani hadi barabarani na kurudi. Sakafu yake mpya imepakwa rangi ya kijivu, tofauti na ya zamani, na mstari wa maungio unaonekana wazi kwa yeyote anayepanda.